Lugha ya Programu Iache Lini Kuukubali Msimbo wa Zamani?

Ndugu wasikilizaji, watunzi wa lugha hubishana sana kuhusu ubaya wa kipengele cha zamani. Kabla ya ubaya kuna swali zito zaidi: tukikibadilisha, msimbo wa zamani, yaani maagizo ya programu yaliyokwisha kuandikwa, utagoma, au utaendelea kufanya kazi huku ukitoa jibu jingine?

Tuitazame lugha ya Python. Katika Python 2, 7/2 ilitoa 3. Katika Python 3, iliyotoka Desemba 2008, inatoa 3.5. Mstari wenyewe haulalamiki. Namba hiyo husafiri hadi mahali pengine, ikatumika kama namba ya nafasi katika orodha, ambako namba nzima tu hukubalika, na huko ndiko programu inakoanguka, mbali na chanzo. Sasa linganisheni na print, amri ya kuonyesha maandishi, ikiandikwa bila mabano kama zamani: faili hukataliwa kabla ya kuanza, unaongeza mabano, basi. Makelele mengi yalikuwa juu ya print, ilhali hiyo ndiyo ilikuwa nyepesi, hata 2to3, zana ya kugeuza msimbo wa Python 2 uwe wa Python 3, iliirekebisha yenyewe. Zana hiyo haikuweza kujua kama thamani fulani ni maandishi au ni baiti, yaani data ghafi. Hilo alilijua aliyeandika tu, kama bado yupo.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa kwamba moduli, yaani faili za msimbo, za Python 2 na za Python 3 hazikuweza kukaa ndani ya programu moja. Ukitegemea maktaba ishirini, yaani misimbo iliyoandikwa na wengine, unamsubiri wa mwisho kuhamia Python 3. Walioandika maktaba walilazimika kuandika msimbo unaokubalika pande zote mbili, na Python 3.0 ikawaondolea hata alama ya u ambayo Python 2 iliiweka mbele ya maandishi ya Unicode. Ilirudishwa katika 3.3, mwaka 2012. Mwisho wa 2.7 ulipangwa 2015, ukasogezwa hadi 2020.

Lugha ya Rust ilipita njia nyingine. Kila kifurushi hutaja toleo la lugha kinalolifuata: 2015, 2018, 2021 au 2024. Toleo la 2018 lililifanya async kuwa neno la lugha. Kifurushi cha 2015 chenye kitendaji kiitwacho async hakikuguswa, na kifurushi kipya hukiita kwa kuandika r#async. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta, husoma vyote, huvigeuza kuwa umbo moja la ndani, kisha huviunganisha. Njia hii ina mpaka: maktaba ya msingi ni moja kwa wote, kwa hiyo aina zake haziwezi kubadilishwa hivyo.

Lugha ya Go iliweza hata badiliko la kimyakimya. Tangu toleo la 1.22, Februari 2024, kigeu (jina linaloshika thamani) kinachotangazwa kwenye kitanzi cha for, yaani maagizo yanayorudiwarudiwa, huwa kipya kila mzunguko. Lakini hilo huanza pale tu go.mod, faili ya mradi inayotaja toleo la Go, inapotaja 1.22 au zaidi. Ikisema 1.21, maana ya zamani inabaki.

Kwa hiyo, badiliko linalogoma wazi, lenye zana ya kulirekebisha, lifanyeni baada ya kutoa onyo, na onyo hilo lionekane wakati wa majaribio ya mwenye maktaba, maana mtumiaji wake hana la kufanya nalo. Badiliko la kimyakimya lisitoke bila swichi ya kila kifurushi. Na kama msimbo wa zamani na mpya hauwezi kuishi pamoja, kiacheni kipengele hicho kilivyo, hata kama kinawaudhi.