Mitungi ya Kuzikwa, Vyetezo vya Madhabahuni: Kauri za Kibudha katika Japani ya Zama za Kati

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Mwaka 1007 Fujiwara no Michinaga, kigogo wa baraza la kifalme la Japani, alipanda Mlima Kinpu akafukia sutra alizozinakili kwa mkono wake mwenyewe. Kwa nini mtu azike maandiko matakatifu? Kwa sababu Wabudha wa huko walihesabu kwamba kuanzia mwaka 1052 mafundisho yangeingia zama za kuharibika, na Miroku, Budha ajaye, yuko mbali: miaka bilioni 5.67. Basi maandiko yamsubiri ardhini.

Michinaga alikuwa na mali, akatumia mkebe wa shaba uliopakwa dhahabu. Karne ya 12 desturi ikaenea, na hapo ndipo wafinyanzi wanapoingia. Sutra iliviringishwa ikatiwa kwenye mkebe, na mkebe mara nyingi ukatiwa ndani ya mtungi wa Tokoname au Atsumi, sehemu zilizo katika mkoa wa leo wa Aichi. Shimo lilizungushiwa mawe, pengine likashindiliwa makaa kuzuia unyevu. Wapo ambao hawakuiamini karatasi hata kidogo. Hao walichora maneno kwa ncha kali juu ya vigae vya udongo mbichi, kisha wakavichoma.

Kuna mtungi mmoja wa Atsumi ambao sichoki kuutazama. Una urefu wa sentimita 40 hivi, na ulifukuliwa Kawasaki mwaka 1942 ukiwa na mifupa ya maiti ndani. Mfinyanzi alichora nyasi za vuli kwa kijiti, mkono wa haraka usiorudia mstari, na juu yake majivu yaliyoyeyuka jokoni yamechuruzika rangi ya kijani. Leo ni Hazina ya Taifa, nadhifu nyuma ya kioo. Lakini tusidanganywe na kioo: majoko hayohayo yalitoa mitungi ya kuwekea nafaka na maji. Mtungi uliozikwa na maandiko na ule wa ghalani walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Madhabahuni mambo yalikuwa mengine. Mbele ya sanamu hupangwa chetezo, kinara cha mshumaa na chombo cha maua, na hapo watawa walitaka kauri ya China, hasa ya kijani ya Longquan. Meli iliyotoka Ningbo, China, mwaka 1323 kuelekea bandari ya Hakata, Japani, ilizama karibu na Sinan, Korea. Ilikutwa na kauri zaidi ya 20,000, pamoja na vibao vya mbao vyenye jina la hekalu la Tofuku-ji, Kyoto. Sisi wa pwani tusishangae sana: vipande vya Longquan vimefukuliwa Kilwa na Gede, na bakuli za China zilipachikwa kwenye makaburi yetu ya nguzo.

Asiyemudu bei ya China alikwenda Seto, hukohuko Japani, ambako wafinyanzi walijua kuvipaka vyombo majivu ili ving'ae kama kioo. Waliiga maumbo ya Kichina, wakagonga mihuri ya maua kwenye udongo kabla haujakauka, na mzigo mwingi ukaenda Kamakura, makao ya serikali ya kijeshi na mahekalu mapya ya Zen, tapo mojawapo la Kibudha. Wako wanaoziita kauri hizo za Seto nakala hafifu. Mimi sikubali. China chupa ya mabega mapana ilikuwa ya mvinyo. Kamakura ilitiwa mifupa ya wafu. Anayekipa chombo kazi mpya kabisa hajaiga tu.

Nimalizie na chai, maana nayo ililetwa na watawa. Mtawa Eisai alianzisha hekalu la Kennin-ji, Kyoto, mwaka 1202, na hadi leo kila Aprili 20 hekalu hilo humkumbuka kwa chai. Mgeni hupewa bakuli la tenmoku, aina ya bakuli jeusi linalong'aa, lenye unga wa chai ndani, likiwa juu ya kikalio chake. Hulishika kwa mikono miwili. Mtawa haketi: husimama, huinama, humimina maji ya moto na kukoroga kwa mchapo wa mwanzi bakuli likiwa bado mikononi mwa mgeni. Mgeni akitetemeka, shauri yake.