"Juzi Ulilia Shida, Leo Uko Ziwani": Hesabu Yangu ya Safari ya Austria

Haya wapendwa, wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Leo sikupanga kurekodi, nimetoka zamu ya usiku. Lakini tangu nirushe zile picha za Austria, swali ni lile lile: "Dada, juzi ulilia shida, leo uko ziwani. Hela umetoa wapi?" Kuna aliyeandika kwamba najimwambafai. Na nikisema hali ilivyo, kuna anayesema nawakatisha watu tamaa. Basi nasema yote, kwa hesabu.

Mimi nasomea uuguzi huku kusini mwa Ujerumani, nalipwa posho ya mafunzo. Namna ya kufika huku mmeshaisikia mara mia, sirudii. Mimi na wenzangu wawili tulikaa Austria siku tatu, na mfukoni mwangu zilitoka euro 214. Zidisha mwenyewe kwa bei ya leo. Hela hiyo niliidunduliza kuanzia Februari hadi Septemba, baada ya kodi ya chumba na baada ya kutuma nyumbani. Sikukopa, sikupewa na mtu.

Kilichotuokoa ni nauli. Kuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ilianza mwaka 2023 kwa euro 49, mwaka 2025 ikawa 58. Sisi tunayo siku zote kwa sababu ya kwenda kazini. Treni za mwendo kasi haipandi, ila kwa treni za kawaida inakufikisha mpaka stesheni kuu ya Salzburg, na hapo umeshaingia Austria bila kuongeza senti. Kutoka Salzburg unapanda basi namba 150. Kaa upande wa kushoto, nakusihi, maana ziwa la Fuschl liko upande huo, na ziwa la Wolfgang pia. Unashuka Bad Ischl, unachukua treni hadi Hallstatt, kamji ka ziwani tulikokuwa tunakwenda. Stesheni ya Hallstatt iko ng'ambo, kwa hiyo unavuka kwa boti, na mji unauona umebanwa kati ya mlima na maji. Rafiki yangu wa Mombasa, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alinyamaza.

Sasa karatasi, maana mnauliza tulivukaje bila viza. Ukiwa na kibali halali cha kuishi Ujerumani, unaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja, hadi siku 90 katika kila siku 180. Kutembea tu, si kufanya kazi. Kadi ya kibali na pasipoti uwe navyo vyote viwili. Hayo ni kwa kibali kama changu. Cha kwako kisome wewe, usije ukasema dada fulani alisema.

Tulipanga tuwe watano. Mmoja kadi yake iliisha, na aliomba kuongezewa muda mapema kabisa. Miezi mitano hajaitwa. Akiandika anajibiwa asubiri, akienda anaambiwa aandike. Ana karatasi ya muda, lakini kila aliyemuuliza kama anaweza kuvuka nayo alimjibu lake, akaogopa akabaki. Yule namwonea huruma. Mwingine ndiye aliyenikera: alijitoa usiku wa kuamkia safari, na kitanda cha hosteli tulishamlipia. Hadi leo hajarudisha, na huwa anaangalia video zangu. Unaangalia, najua.

Na kurudi hakukuwa kuzuri. Ujerumani inakagua mpaka wake na Austria tangu mwaka 2015, kwa hiyo askari kuingia kwenye treni si ajabu. Ajabu ni kwamba behewa lilijaa watu, na waliotakiwa kutoa karatasi ni sisi watatu tu. Walituuliza kwa adabu, wakaturudishia, wakashuka. Lakini iliniuma, na picha hazionyeshi hilo.

Mnaotaka niwaalike: ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, ongeza bima isiyopungua euro 30,000. Ukinyimwa, ada hairudi. Sikuzuii, ila usiuze kiwanja kwa ajili ya kuja kupiga picha ziwani.

Jambo ambalo hakuna aliyeniuliza ndilo limenikaa moyoni. Bad Ischl kuna nyumba ya kifalme, Franz Joseph, mfalme mkuu wa Austria wa wakati huo, alikuwa anakuja majira ya joto kuwinda, kuta zimejaa pembe. Tarehe 28 Julai 1914, akiwa kwenye nyumba hiyo, alitia saini tangazo la vita dhidi ya Serbia, na hiyo ndiyo ikawa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mimi ni mtoto wa Tanga. Miezi mitatu na siku chache baadaye, Novemba mwaka huo huo, vita ilishafika kwetu, Waingereza na Wajerumani walikuwa wanapigana, watu wanauana Tanga. Halafu wakaja kukusanywa wapagazi, wakafa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, na kikosi chao cha Carrier Corps ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Nilisimama pale nikiwaza habari ya watu ambao hata jina la mji ule hawakuwahi kulisikia. Mwenzetu wa Tabora alitoka nje, akakaa kwenye benchi.

Hallstatt yenyewe ni ndogo, wakazi hawafiki 800, na msimu ukikolea wageni huweza kufika 10,000 kwa siku moja. Wenyeji wamechoka, waliwahi hata kuandamana mwaka 2023. Ndiyo maana sikurusha droni, na mlionilaumu kwa hilo mnisamehe.

Nikiwa kwenye boti nilimpigia mama. Akaniuliza, "Hayo ni maji chumvi au maji baridi?" Nikamwambia maji baridi, chumvi yao iko mlimani, wanaichimba tangu maelfu ya miaka. Mama amekulia karibu na mashamba ya chumvi ya bahari, hakukubali. "Chumvi mlimani?" Akaniambia nimpelekee aionje mwenyewe.

Nilinunua kamfuko kadogo, kako hapa mezani. Nasubiri mtu anayeelekea Tanga.