Mchanga Usio na Alama

Mabibi na mabwana, tangazo la mhadhara huu linasema nitazungumzia hewa nyepesi ya Mirihi. Nitaizungumzia, ila kwa kifupi, maana Ingenuity, helikopta ndogo iliyopelekwa kuruka Mirihi, haikushindwa na hewa. Ilishindwa na mchanga.

Tuimalize hewa kwanza. Msongamano wake kule ni kama asilimia 1 tu ya hii tunayovuta humu ukumbini. Mvutano wa sayari nao ni mdogo, asilimia 38 ya wetu. Nafuu ipo, lakini haitoshi. Basi wahandisi wa JPL, maabara ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, huko California wakaunda chombo cha kilo 1.8 chenye jozi mbili za mapanga, kila jozi mita 1.2 toka ncha hadi ncha, zikizunguka kinyume, zaidi ya mara 2,400 kwa dakika. Ili kukijaribu hapa duniani walinyonya hewa kutoka chumba kikubwa cha chuma, kisha wakakivuta kwa uzi kutoka juu ili kiwe chepesi. Uzi! Kila nikifika hapa hucheka.

Tarehe 19 Aprili 2021, kwenye kasoko ya Jezero, helikopta ikapaa hadi mita 3, safari nzima sekunde 39. Ilipangiwa safari 5. Ikafikisha 72.

Sasa nije kwenye lililonileta. Ishara ya redio kutoka huku huchukua dakika kadhaa kufika Mirihi, kwa hiyo rubani wa mbali hana kazi. GPS hakuna. Ndege ilikuwa na kamera ndogo tumboni, ikipiga ardhi picha 30 kwa sekunde, na kompyuta inalinganisha: jiwe lile lilikuwa hapa, sasa liko pale, basi nimesogea kiasi hiki. Nahodha wa jahazi naye hushika alama za pwani hivyo hivyo, mbuyu ule, mnara ule. Katika safari ya 6 ilipotea picha moja tu, na zote zilizofuata zikabeba saa ya kupigwa isiyo yake. Ndege ikawa inajirekebisha kwa kosa ambalo halipo, ikayumba kama mlevi, hadi ikatua. Salama, ashukuriwe Mungu.

Tarehe 18 Januari 2024 bahati haikurudi. Ilipaa mita 12 juu ya matuta laini ya mchanga, mawe hakuna, na kamera ikakosa cha kushika. Ikashuka huku inateleza kwenda kando, pasipo kujua, ikagonga tuta. Mapanga yote manne yakavunjika.

Wahandisi sasa wanachora droni yenye seti sita za mapanga itakayobeba vifaa vya kilo 5 na kwenda kilomita 3 kwa siku. Michoro inapendeza. Nanyi wanafunzi mlioniletea ya kwenu asubuhi, nimeona mapanga marefu na betri kubwa. Ketini nami baada ya chai, mnionyeshe kamera iko wapi, na itatazama nini ikifika penye mchanga mtupu.