Daimler Isiyogonga: Injini ya Slivu ya Charles Knight

Mabibi na mabwana, fundi yeyote akiifungua injini ya kawaida atakuta valvu zenye umbo la uyoga, yaani milango midogo ya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi, ambazo kamshafti, shafti yenye vinundu, huzisukuma na springi huzirudisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 springi hizo zilikatika ovyo na valvu ziligonga kwa kelele. Mmarekani Charles Yale Knight, aliyekuwa mchapishaji wa magazeti, alichoshwa na makelele ya gari lake mwenyewe, na badala ya kuzitibu valvu aliamua kuziondoa kabisa.

Mahali pake aliweka slivu mbili katika kila silinda, yaani mabomba ya chuma yaliyovikana, huku pistoni ikicheza ndani ya lile la ndani. Shafti ndogo inayozunguka kwa nusu ya kasi ya krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, huzipandisha na kuzishusha slivu hizo, na matundu yaliyotobolewa ubavuni yanapokutana, mchanganyiko wa hewa na petroli huingia au moshi hutoka. Hakuna kinachogonga, vyote huteleza.

Daimler ya Coventry, Uingereza, iliyokuwa ikiwauzia magari wafalme, ilitangaza injini hiyo mwaka 1908. Wenye shaka walikuwa wengi, na sidhani walikosea kuwa nayo, kwa kuwa chuma kinachoteleza juu ya chuma katika joto lile ni jambo la kutisha. Mwaka 1909 Royal Automobile Club, chama cha wenye magari cha Uingereza, ilisimamia jaribio: injini mbili ziliungurumishwa karakanani kwa zaidi ya saa 130, zikafungwa kwenye magari yaliyokimbizwa takriban kilomita 3,200 katika uwanja wa Brooklands, kisha zikarudishwa karakanani. Zilipofunguliwa hazikuwa na uchakavu wa maana, na Daimler ikatunukiwa tuzo ya Dewar Trophy. Minerva ya Ubelgiji na Panhard ya Ufaransa nazo zikaifuata.

Ukimya huo ulikuwa na gharama yake. Slivu zilihitaji oili nyingi, nyingine ikaungua, na gari la bwana mkubwa likaacha moshi wa buluu nyuma yake. Jambo la kuchekesha kidogo kwa chombo kilichosifiwa kwa heshima. Hata hivyo, mwaka 1926 Daimler ilithubutu kutoa Double Six, yenye silinda 12 na ujazo wa zaidi ya lita 7, zote kwa slivu. Kilichoishinda slivu, kwa maoni yangu, si moshi peke yake, bali ni kwamba vyuma vya valvu na springi viliimarika na kelele zake zikapungua, hata katikati ya miaka ya 1930 Daimler yenyewe ikarejea kwenye valvu za uyoga.