Sura ya 16: Ndugu wa Fransisko Wakae Vipi na Waislamu

Wazee wangu, mama zangu, masheikh mliotuheshimu kwa kufika: wanaonijua wanajua nitaanza na sura ya 16 ya Kanuni, yaani sheria ya maisha ambayo Fransisko wa Asizi aliwaandikia ndugu wa shirika lake. Mnivumilie tena.

Mwaka 1219, Vita vya Msalaba vikiendelea huko Damietta, Misri, Fransisko wa Asizi alivuka upande wa pili kwenda kuonana na Sultani al-Kamil. Sultani alimsikiliza, hakubadili dini, akamrudisha salama. Katika Kanuni ya mwaka 1221, sura ya 16, wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu wakapewa njia mbili. Ya kwanza: wasibishane wala kugombana, wawe chini ya kila kiumbe kwa ajili ya Mungu, na wakiri kuwa ni Wakristo. Ya pili: wahubiri, wakiona ndivyo apendavyo Mungu. Kukaa kumetajwa kwanza!

Kuna atakayesema hiyo ni hila. Hila gani ya mtu anayeanza kwa kukutajia dini yake? Mwingine, msomi, atanikumbusha Kanuni ile haikupata muhuri wa Papa. Najua. Iliyopata ni ya 1223, na sura yake ya 3 bado inawakataza ndugu kubishana na kuhukumu watu wakiwa safarini. Tuendelee.

Sasa Fransisko mwingine, Ksaveri, mmisionari wa shirika la Wajesuiti, aliyepita papa hapa Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Anaandika kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima zake alimlalamikia: mji una misikiti 17, inayoswaliwa ni mitatu tu, je, na kwenu Wakristo ibada imepoa hivi? (Masheikh, msicheke, parokia zetu nazo tunazijua.) Mzee wa watu anamweleza mgeni yanayomkera, na mgeni anamjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini! Laiti angekaa wiki moja zaidi. Lakini shirika lake, lililokubaliwa na Papa mwaka 1540, limefundwa kutumwa: leo hapa, kesho kwingine.

Ndiyo maana jimbo letu la Malindi lilipoundwa mwaka 2000 nilifurahi askofu wa kwanza, Francis Baldacchino, kuwa Mkapuchini, tawi la Fransisko. Aliyemfuata, Emanuel Barbara, vilevile. Mkiniuliza mbona hawakuhubiri sokoni, rudini juu nilikoanzia.

Kati ya nadhiri tatu za watawa, useja na utii sitavifikia, mwenyekiti ananionyesha saa. Ufukara, kwa kifupi: sura ya 4 ya Kanuni ya mwaka 1223 inawakataza ndugu kupokea pesa. Anayetaka kujua basi mafuta ya gari la misheni hulipwaje, aulize sasa, maswali yameanza.