Siku ya Arobaini na Moja

(Mhadhara wa fundi cherehani kwa wazazi wanawake, Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum wazazi wenzangu. Walionisikia kabla wanajua nimekuja na nini, na wengine nawaona washaanza kutazamana. Tazamaneni tu. Nitalisema mpaka mlichoke, na mkishalichoka nitalisema tena.

Jambo lenyewe hili. Mama aliyejifungua anashughulikiwa siku arobaini, na siku ya arobaini na moja anaachwa. Mambo ya arobaini sina haja ya kuwaeleza: kukandwa kwa maji ya moto, mkaja, uji wa pilipili manga, chetezo cha udi. Nyumba nzima inamtumikia yeye. Siku ya kutoka, mashallah, hina mpaka kiwiko, doti mpya inanuka dukani bado. Wageni wakisharudi makwao, mama yule yule anaivua ile doti, anaikunja, anaitia sandukuni, eti "ya kutokea". Anaokota kanga iliyotobolewa na cheche za makaa, anajifunga, na hapo ndipo anapokaa. Mtoto anatambaa, mama yuko na kanga ile. Mtoto anaanza skuli, mama yuko na kanga ile.

Mjane asiye na mimba kapewa edda ya miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato. Siku zikitimia anaoga, anajitia wanja wake akitaka, na hakuna wa kumuuliza. Yaani mjane edda yake ina mwisho! Wewe mumeo hai, yuko barazani pale anacheza bao, una mwaka wa sita kwenye edda. Umefiwa na nani? (Kicheko.)

Mnacheka, lakini mnajijua.

Sasa kuna anayesema moyoni: huyu fundi anatufunza kujishaua. Nilikuwa namngoja. Bwana Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipokuwa anaonya juu ya kiburi, mtu mmoja alimuuliza: je, mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri? Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Nguo na kiatu, vimetajwa hivyo hivyo kwa majina. Na mimi sijasema mtu atoke njiani kajiremba. Baibui lako libaki pale pale. Ninachokiulizia ni kilichomo ndani ya baibui. Humu ukumbini, msinifanye nitaje watu, kuna waliovalia gauni la kulalia lililopasuka kwapani, wakatupia baibui juu, wakaja kwenye mkutano. Ndiyo maana joto lote hili hakuna anayefungua hata kifungo kimoja.

La pili ninaloambiwa kila siku: fundi, nguo pesa, watoto wanataka kula. Hapa nitakaa kidogo.

Alinijia mteja, mama wa watoto wanne, analalamika hana nguo hata moja. Nikamwambia niletee ulizokuwa nazo. Akaniletea kiroba. Kiroba kizima, kimefungwa kamba juu! Tukakimwaga juu ya mkeka. Sare za harusi tupu. Sare ya harusi ya wifi yake, sare ya shoga yake, sare ya mtoto wa jirani ambaye sasa hata salamu hawapeani. Kila moja imevaliwa usiku mmoja. Kila moja kitambaa kimenunuliwa, fundi kalipwa, wengine kwa kukopa, kisha ikaingia kirobani kwa sababu "watu washaniona nayo". Hana nguo huyo!

Tukazichambua. Kila nguo nikichomoa uzi mmoja ndani ya pindo nikauchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi, unabaki jivu. Ule mwengine unayeyuka, unakuwa kidonge kigumu cheusi. Basi kila kilichoyeyuka nikakiweka upande, na hili naomba mlishike hata kama mengine mtasahau: shifoni na satini za namna hiyo usiingie nazo jikoni, kwenye seredani wala kwenye kuni. Zikishika moto haziungui zikaisha, zinayeyuka zikaganda kwenye ngozi. Hizo ni za sebuleni, jioni, ukishamaliza kazi.

Za pamba tukaziingia mkasi. Shanga za kifuani nikazifumua, maana mtoto anazivuta akazitia mdomoni. Gauni moja lilibana mpaka magotini halafu likaachia chini mapana. Nikalikata pale lilipoanza kuachia, na kile kipande cha chini nikakipasua nikakiingiza ubavuni huku na huku, kwa sababu mwili uliovaa sare ile ulikuwa wa mtoto mmoja, na huu ni wa watoto wanne. Yeye alitaka nimwachie vile vile, eti akipungua atalivaa. Nikamwambia gauni ndilo linalofuata mwili wako. Ukipungua njoo, nitaupunguza mshono, kazi ya dakika chache. Zipu ya mgongoni nikaitoa. Mama anayenyonyesha zipu ya mgongoni ya nini? Amwite nani amfungulie, usiku wa manane? Nikapasua kifuani, nikatia vifungo. Kiroba kile kimetoa nguo za nyumbani za kumtosha, na hakununua hata dhiraa moja ya kitambaa.

Kwa hiyo pesa zilikuwepo. Zilikwenda kwenye harusi za watu.

Na asiye na sare ana kanga. Doti moja inatoa gauni la nyumbani la mikono mifupi. Ila mwangalieni fundi wenu, wako wanaokata jina la kanga katikati, unatembea na nusu ya methali mgongoni. Kanga iliyochakaa ikawa nepi, sawa, hiyo ndiyo kazi yake, ni laini. Ninachokikataa ni mama naye kuvaa daraja moja na nepi.

Tena msiniambie mambo ya nguo ni madogo. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, waliokuwa wakivishwa kaniki na merikani, vitambaa duni visivyo na mapambo, waliziacha wakajifunga kanga za rangi, wakajitanda. Watu hao hawakuwa na kitu, na bado wakatoa pesa wakanunua kanga. Walikuwa wajinga wale?

Hata mila yetu inaujua mwili wa mama. Binti akiolewa, upande wa mume unatoa mkaja na ubeleko, anapewa mama mtu, kwa tumbo alilolifunga na mgongo alioubebea. Sasa nyie mnangoja binti achumbiwe ndipo mvae? Na mwenye wavulana watupu, je? (Kicheko.)

Nilikuwa na maneno juu ya dira, lile gauni pana la nyumbani. Dira sina ugomvi nalo, linapitisha upepo, lakini dira hilo hilo la kulalia, la kupikia na la kwendea dukani, hapana. Na livaliwe na shimizi ndani, juani linaonesha. Udi: fukiza nguo, zikipoa ndiyo umbebe mtoto. Usimweke mtoto mchanga kwenye moshi, hata kama bibi yake kasema. Viatu sitovifikia leo. Rangi nilitaka kuzisema kwa urefu, maana kuna anayewaambia mkishazaa mvae rangi za kiza tu, sijui kalitoa wapi hilo.

Naambiwa alasiri imeingia. Haya. Kulikuwa na suala la sidiria za kunyonyeshea, lakini naona walimu wanaume wamejikalia pale nyuma, tena kimya kabisa, kwa hiyo hilo mnifuate dukani. Na mkija njooni na viroba.