Kuchagua Mfumo wa Kuingiza Moduli katika Mradi wa Wavuti

Mabibi na mabwana, karibuni Kisumu.

Nimeombwa nieleze anayeanza mradi wa wavuti leo aingize moduli zake, yaani faili za msimbo zinazotumiana, kwa mfumo upi. Jibu langu ni moduli za lugha yenyewe, zile za import na export zilizowekwa katika kanuni rasmi za JavaScript, lugha ya programu za wavuti, mwaka 2015.

Kabla ya hapo lugha hiyo haikuwa na mfumo wake. Mfumo wa CommonJS ulizuka mwaka 2009; Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ikauchukua, na require, amri yake ya kuingiza faili, ikaenea kila mahali. Hata hivyo, mfumo huo ulibuniwa kwa ajili ya seva, ambako faili husomwa papo hapo kutoka kwenye diski, ilhali kivinjari hakiwezi kusimama kikingojea kila faili ifike kwa mtandao. AMD, mfumo wa kupakia faili bila kukisimamisha kivinjari, ilijaribu kuziba pengo hilo. Mimi sioni sababu ya kuanzia hapo mradi mpya.

Require ni wito wa kawaida: unaweza kuuweka ndani ya sharti, hata ukaupa jina la faili linaloundwa wakati programu inaendeshwa. Tamko la import hukaa nje ya masharti yote na hutaja faili waziwazi, kwa hiyo programu ya kufungasha, ile inayounganisha faili za mradi pamoja, huweza kujua, kabla chochote hakijaendeshwa, ni sehemu zipi za maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa ili wengine wautumie) zinazotumika, ikaziacha zilizobaki. Mchuuzi wa samaki pale Dunga anayefungua ukurasa wenu kwa bando dogo hana haja ya kugharamia msimbo usiomfaa.

Mradi mkongwe unaofanya kazi vizuri kwa require sishauri ubadilishwe kwa sababu ya mtindo tu. Hatari kubwa zaidi imo katika kuchanganya. Maktaba iliyotolewa kwa mifumo yote miwili inaweza kupakiwa mara mbili katika programu moja, kila nakala ikiwa na kumbukumbu yake, hivi kwamba mipangilio uliyoiweka katika nakala moja haionekani katika nyingine, na wala hutapata ujumbe wowote wa kosa.

Kwa upande wa Node.js, andikeni "type": "module" katika package.json, faili ya maelezo ya mradi, na katika njia za faili zenu msisahau kuandika kiambishi cha .js. Kwenye kivinjari, tumieni seva ndogo hata mnapojaribia kwenye kompyuta zenu, kwani moduli hazipakiwi ukurasa ukifunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye folda.